Mchezo wa Mama na Mtoto Mdogo

Kila mwalimu aliyepata kufundisha darasa la kwanza analijua jambo hili. Mwanzo wa mwaka huletewa watoto wapya, wote wa kijiji kimoja na wa umri mmoja, na wazazi wao ni wakulima wa namna moja. Walakini hata kabla ya juma la kwanza kwisha huwaona wamekwisha gawanyika mafungu mawili. Wako wanaomtazama mwalimu usoni na kumjibu. Akiwapa kipande cha chaki hukigeuzageuza, wakakijaribu ukutani, na wakikosa hurudia. Wako na wengine ambao wakiulizwa jina hutazama vidole vya miguu yao. Wakionyeshwa picha ya kuku hawasemi "kuku", ingawa kuku wamekuwa nao uani tangu kuzaliwa. Mwalimu husema moyoni mwake, "Hawa hawana akili." Kisha huwaweka nyuma, na huko nyuma hukaa mpaka siku watakapoacha shule.

Mwandishi wa maneno haya alikuwa mwalimu, naye alisema hivyo mara nyingi. Alikuwa amekosea. Tofauti ile si ya kuzaliwa tu. Huanza nyumbani, kabla mtoto hajatimiza miaka 3, tena huanza katika mambo madogo ambayo hakuna mtu anayeyahesabu kuwa ni kazi, yaani kuongea na mtoto na kucheza naye.

Wazazi wameambiwa mara nyingi habari za maji safi, chandarua, chanjo, na kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Maneno hayo hayajachakaa, na msomaji asidhani kwamba leo tunayaweka kando. Lakini habari za mchezo hazisemwi sana, na mahali pengi watu huzicheka. Mtu mzima akikaa chini na kumchezea mtoto mchanga, majirani huuliza kama hana shughuli.

Yafaa kwanza kueleza namna mtoto anavyokua kichwani. Ubongo wa mtoto anapozaliwa ni yapata robo ya ubongo wa mtu mzima kwa ukubwa wake. Akitimiza miaka 2, umekwisha pita robo tatu. Mikono na miguu yake ina safari ndefu bado, bali ubongo umekwisha fanya sehemu kubwa ya safari yake. Nao haujengwi kwa chakula peke yake. Kila mtoto asikiapo neno, ashikapo kitu, aonapo uso wa mama ukimchekea, nyuzi za fahamu zilizomo ubongoni huungana. Zile zinazotumiwa mara nyingi huimarika, na zile zisizotumiwa hufifia. Ni kama njia za porini: ipitwayo kila siku hubaki wazi, na isiyopitwa huota majani hata usijue kwamba palikuwa na njia.

Sasa tueleze habari zilizotokea katika kisiwa cha Jamaika, maana ndizo zilizowaamsha matabibu wa nchi nyingi. Jamaika ni kisiwa cha bahari ya Karibi, na watu wake wengi ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Katika mji wake mkubwa, Kingston, kulikuwa na mitaa ya watu maskini sana, na katika mitaa hiyo watoto wengi walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao kwa sababu ya kukosa lishe njema. Daktari mmoja bibi, jina lake Sally Grantham-McGregor, alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha West Indies kilichoko huko. Katika miaka ya 1970 alikuwa amekwisha jaribu jambo moja kwa watoto waliolazwa hospitalini kwa utapiamlo mkali. Watoto hao walichezewa kila siku wodini, na walipotoka walitembelewa majumbani mwao. Ikaonekana kwamba walipata fahamu na maneno kuliko wenzao waliotibiwa kwa chakula na dawa tu.

Hapo alitaka kujua zaidi. Mwaka 1986 yeye na wenzake, miongoni mwao Christine Powell na Susan Walker, waliwachagua watoto 129 wa mitaa ile, wote wamedumaa, wenye umri wa miezi 9 mpaka miezi 24. Wakawagawa mafungu manne kama kwa kupiga kura, ili isisemwe kwamba waliwapendelea wenye akili. Fungu la kwanza walipewa chakula cha nyongeza, yaani kilo 1 ya unga wa maziwa kila juma. Fungu la pili hawakupewa chakula, bali walitembelewa nyumbani na mwanamke aliyemfundisha mama namna ya kucheza na mtoto wake. Fungu la tatu walipata yote mawili. Fungu la nne hawakupewa chakula wala kufundishwa mchezo, illa walitunzwa walipougua. Kazi hiyo ilidumu miaka 2.

Wanawake waliotembea majumbani hawakuwa matabibu wala walimu wa vyuo. Walikuwa wahudumu wa afya wa mitaa, watu wenye elimu ya kawaida waliopewa mafunzo. Kila mmoja alikwenda kwa mama mara moja kwa juma, akakaa saa moja. Alichukua mkobani vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa takataka: chupa tupu, maboksi, vitambaa, na vitabu vya picha vya kushonwa kwa mkono. Akavitumia mbele ya mama, kisha akampa mama avitumie mwenyewe, akamsifu mama, naye mama akafundishwa kumsifu mtoto. Akiondoka aliviacha vitu vile nyumbani, na juma lililofuata alileta vingine akavichukua vya kwanza. Msomaji aangalie sana jambo hili: mwalimu wa mtoto alikuwa ni mama. Mgeni yule alikuja kumfundisha mama tu, maana saa moja ya mgeni katika juma zima ni kitu gani, ikiwa saa nyingine zote mtoto hana wa kumsemesha?

Miaka 2 ilipokwisha, watoto wakapimwa. Waliopewa maziwa walikuwa wameendelea kuliko wale wasiopewa kitu. Waliochezewa nao walikuwa wameendelea. Waliopata yote mawili walikuwa wamekaribia kuwafikia watoto wa mitaa ile ile ambao hawakudumaa. Hapo watu wengi wangalifunga daftari na kwenda zao. Wao hawakufunga. Waliwatafuta tena watoto wale walipokuwa na miaka 7 na 8, wakaona kwamba faida ya maziwa imekwisha punguka sana. Wakawatafuta walipokuwa na miaka 11 na 12, na tena walipokuwa na miaka 17 na 18. Waliochezewa utotoni bado walikuwa mbele ya wenzao katika fahamu na kusoma, na wachache zaidi walikuwa wameacha shule. Mwisho waliwatafuta walipokuwa watu wazima wa miaka 22. Katika wale 129 waliwapata 105, jambo ambalo si dogo kwa mji wenye watu wanaohamahama na kwenda ng'ambo. Ikaonekana kwamba waliotembelewa walipata mshahara uliozidi wa wenzao wasiotembelewa kwa 25 katika kila 100. Yaani mahali ambapo mmoja hupata shilingi 100, mwenzake alipata 125. Tena walipigana na kufanya ujeuri kidogo kuliko wale wengine. Habari za mshahara zilichapishwa mwaka 2014, na wenye kushika hazina za serikali wakaanza kusoma mambo ya watoto wachanga, ambayo zamani waliwaachia wakunga.

Asije mtu akasoma maneno haya akasema, "Kumbe chakula hakina kazi." La, hasha. Mtoto mwenye njaa hachezi. Hulala tu na kutazama ukuta, na mtoto asiyecheza huwa ni dalili ya kwanza ya ugonjwa katika nyumba nyingi. Maana ya habari za Jamaika ni kwamba chakula peke yake hakitoshi. Shirika la Afya la Ulimwengu linajua hivyo. Katika hatua 10 ambazo limewaandikia matabibu wa kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali, hatua ya 9 ni kumchangamsha mtoto kwa mchezo na upendo, dakika 15 mpaka 30 kila siku. Basi mama anayekaa wodini na mtoto wa namna hiyo, akimwona muuguzi analeta chupa yenye kokoto ndani na kuitikisa, ajue kwamba hiyo ni sehemu ya matibabu kama yalivyo maziwa.

Pengine msomaji atasema kwamba Jamaika ni mbali na desturi zake si zetu. Basi atazame karibu. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Kabale na Kisoro, mahali pa milima na wakulima wa mashamba madogo, akina mama 511 wenye watoto wa miezi 6 mpaka 8 waliandikwa katika kazi ya namna hiyo. Baadhi yao walikutana kwa vikundi vijijini wakafundishwa mambo matatu pamoja: lishe, usafi, na kumchezea mtoto kwa vitu vya kutengeneza wenyewe. Habari zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba watoto wao walipokuwa na miezi 20 mpaka 24 walikuwa mbele katika fahamu, katika maneno na katika matumizi ya viungo. Kimo chao hakikuwazidi wenzao, na ni haki kulisema hilo pia. Kudumaa kuna sababu nyingi, na mafunzo peke yake hayakukuondoa. Katika Tanzania hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Katika Kenya mwaka huo huo walikuwa 18. Kwa hiyo jambo tunalolieleza si la visiwa vya mbali.

Tena, msomaji akifikiri vizuri ataona kwamba mengi katika haya si mageni. Bibi zetu walikuwa na nyimbo za kubembeleza, za kumrusha mtoto magotini, na za kuhesabu vidole vyake kimoja kimoja. Walijua kutengeneza manyanga kwa vibuyu na mpira kwa matambara. Walikuwa na vitendawili na ngano za sungura jioni. Yaliyopotea ni nafasi ya kuyafanya: bibi yuko kijijini na mama yuko mjini, au dada aliyekuwa akimlea mdogo wake yuko shuleni, ambapo ndipo pake. Siku hizi mtoto akilia, watu wengi humpa simu atazame picha. Simu humnyamazisha, ni kweli, lakini haimjibu akisema neno, wala haingoji aseme. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa shauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe kabisa mbele ya picha za namna hiyo, na wa miaka 2 mpaka 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Sasa na tuingie katika kazi yenyewe, jinsi mama awezavyo kuifanya kwa vitu vilivyomo nyumbani.

Mtoto mchanga, tangu siku ya kwanza mpaka karibu miezi 3, hahitaji kitu cha kununua wala cha kutengeneza. Kitu chake cha kuchezea ni uso wa mama. Huona vizuri vitu vilivyo karibu, kadiri ya umbali wa kifua cha mama mpaka usoni pake, na kupita hapo huona ukungu. Basi mama anaponyonyesha amtazame mtoto, amseme. Mtoto akitoa sauti, mama aitoe sauti ile ile, kisha anyamaze angoje. Baada ya majuma machache mtoto naye atajibu. Hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza, na wako watu wazima wasioyajua masharti yake, ambayo ni kwamba mmoja akisema mwingine asikilize. Mama akipitisha kipande cha kitambaa chekundu taratibu mbele ya macho yake, huku na huku, mtoto atajifunza kukifuata.

Miezi 3 mpaka 6 mikono huamka. Hapo manyanga yana kazi. Chukua kibuyu kidogo kilichokauka, au chupa ndogo ya plastiki iliyooshwa kwa sabuni na maji ya moto, tia ndani mbegu chache za mahindi au kokoto, kisha funga kifuniko kwa nguvu na kukizungushia uzi ulioshonwa juu ya kitambaa, hata mtoto akiivuta kwa meno isifunguke. Tikisa upande wa kulia wa kichwa chake ili ageuke atafute, kisha upande wa kushoto. Ukiwa na chupa mbili, moja yenye mbegu na moja yenye mchanga, atasikia kwamba sauti zake si moja, na utamwona amekunja uso kama mzee anayefikiri shauri.

Akiisha kuweza kuketi, yapata miezi 6 mpaka 9, hupenda kuangusha vitu. Mama wengi huchoka kuviokota na hudhani mtoto anawasumbua kwa makusudi. Sivyo. Mtoto anasoma. Anataka kujua kama kijiko kikianguka leo kitalia kama kilivyolia jana. Mpe sufuria isiyo na masizi na mwiko, agonge. Jifunike uso kwa kanga, kisha ufunue ghafula. Huu ni mchezo wa kumfundisha kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na yule ambaye mama yake hucheza naye hivyo huanza kuelewa kwamba mama akienda mtoni atarudi.

Kati ya miezi 9 na mwaka mmoja na nusu, kazi yake kubwa ni kutia na kutoa. Beseni moja na vitu vyake, kama vile vifuu vilivyosuguliwa, magunzi ya mahindi, kata, na mfuniko wa chungu, vitamshughulisha muda mrefu kuliko kitu cha dukani. Vikombe vitatu vya ukubwa mbalimbali vinavyoingiana ni mali kubwa. Mama aseme anapocheza: "Tia ndani. Toa nje. Hiki kikubwa, hiki kidogo." Maneno ya juu na chini, ndani na nje, kubwa na ndogo, ndiyo wanawake wa Jamaika waliyokuwa wakiyafundisha juma kwa juma, nayo ndiyo hesabu ya kwanza.

Anapotembea, mtengenezee gari. Watoto wa Afrika Mashariki wanajulikana kwa ufundi huu: mwili wa boksi au kopo, vijiti viwili vya kupitisha, na magurudumu manne yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa, kisha kamba ya kuvutia. Kama ni kopo la bati, midomo yake igongwe na kukunjwa ndani isimkate. Mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ni bora kuliko wa kununua, maana haukimbii mbali. Mtoto wa bandia wa kitambaa, aliyejazwa sufi au vipande vya nguo, humfundisha majina ya viungo: "Jicho lake liko wapi? Na lako liko wapi?" Wavulana nao wapewe, wala wasichekwe.

Kitabu cha picha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kata katoni iwe kurasa sita au nane za ukubwa wa kiganja, toboa pembeni, fungia kwa uzi. Katika kila ukurasa chora kitu kimoja tu anachokijua, kama kuku, mbuzi, nyumba, jua, au gundi picha uliyokata katika karatasi ya zamani. Mama asiyejua kusoma aweza kukitumia sawasawa na mama aliyesoma, kwa kuwa hapana la kusoma, anauliza, anangoja, anataja jina, na mtoto akisema "kuu" mama husema, "Ndiyo, kuku! Kuku mweupe anakula." Afanye hivyo daima: aongeze neno juu ya neno la mtoto, wala asimkemee kwa kulitamka vibaya. Alipofika miaka 2 na kuendelea, kata picha moja vipande viwili, halafu vitatu, aviunganishe. Mpe vizibo vya chupa avitenge kwa rangi, lakini awe chini ya macho ya mtu mzima muda wote.

Hapa ni lazima tuweke onyo, maana nia njema imekwisha leta misiba. Kitu chochote kinachoweza kuingia kinywani mwa mtoto mzimamzima kinaweza kumkaba, kama kizibo, harage, karanga, kifungo na kokoto. Mtoto wa chini ya miaka 3 asiachiwe vitu hivyo peke yake hata kwa muda mfupi. Mfuko wa plastiki asipewe kabisa. Kamba isiwe ndefu ya kumzunguka shingo. Betri ndogo za mviringo zilizo kama sarafu zikimezwa huunguza koo kwa ndani, na mtoto aliyezimeza apelekwe hospitali saa ile ile. Chupa iliyotiwa mafuta ya taa, dawa ya mimea au dawa ya kuogeshea ng'ombe isigeuzwe kitu cha kuchezea, hata ikioshwa mara 10. Na vivyo hivyo dawa hizo zisitiwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto huitambua chupa wala hatambui kilichomo.

Tunajua jibu la mama mwenye shughuli. Atasema, "Bwana huyu anaandika akiwa amekaa kitini. Mimi naamka alfajiri, nateka maji, nalima, napika, nakata kuni, na mtoto yuko mgongoni. Saa ya kucheza naitoa wapi?" Neno lake ni la haki. Lakini hatumwambii atafute saa mpya. Anapopukuchua mahindi, mtoto aweza kukaa karibu na gunzi lake mkononi, naye mama akahesabu kwa sauti. Anapomwosha, ataje viungo vyake. Anapomvalisha, amwulize mkono uko wapi. Njiani kwenda shambani, mtoto aliye mgongoni anaona vyote anavyoviona mama, na mama akivitaja, ile safari imekuwa shule. Mambo haya hayaongezi kazi hata moja. Huongeza maneno tu juu ya kazi iliyopo.

Tena neno hili si la mama peke yake. Baba anayerudi jioni na kuketi mlangoni ana magoti mawili, na mtoto huyahitaji. Wanaume wengi hungoja mpaka mtoto aweze kutumwa ndipo waanze kumsemesha, na neno la kwanza walimwambialo ni amri. Mtoto ambaye baba yake huongea naye tangu uchangani hajifichi akimsikia anakuja. Na kwa habari ya kumpiga mtoto mdogo kwa sababu ameuliza sana, au amefungua chungu aone kilichomo, ni kumfundisha kwamba kutaka kujua ni kosa. Mwalimu wa darasa la kwanza atakuja kuuona mkong'oto huo miaka minne baadaye katika macho yanayotazama vidole vya miguu.

Wakubwa wa vijiji na walimu waweza kusaidia bila kungoja fedha. Siku ya kupima uzito wa watoto kliniki, akina mama huketi foleni muda mrefu na watoto magotini, hawana la kufanya ila kungoja. Muda huo ungefaa sana kwa somo la mchezo, akiwapo muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji, na bibi mmoja mzee anayejua nyimbo za zamani awe mwalimu pamoja naye. Shuleni, wanafunzi wa madarasa ya juu katika saa ya kazi za mikono waweza kutengeneza magari, manyanga, vitabu vya katoni na watoto wa kitambaa. Ni kazi wanayoipenda, na vitu vyake ni vya bure.

Na kama kijiji kitataka kuifuata Jamaika, kiweke mkoba mmoja wenye vitu kama 20, na mama mmoja mwaminifu wa kuutunza. Kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3 ichukue vitu viwili kwa juma moja, kisha irudishe na kuchukua vingine, maana mtoto huchoshwa na kitu kile kile kama sisi tuchoshwavyo na chakula kile kile. Mtunza mkoba awe na daftari la kuandika kilichotoka na kilichorudi. Vinaporudi, vya plastiki, vya mti na vifuu vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani, matambara yafuliwe, na kitabu cha katoni kilicholowa mate kitupwe na kutengenezwa kingine. Kitu kilichovunjika kisipewe mtoto mwingine kabla ya kukaguliwa kwa vidole ukingoni mwake kote.